Kupanga manete kwa michezo ya zamani: mambo niliyojifunza hapa Mulekera



Kwenye ukurasa huu tumezoea kusoma juu ya burse, memware na namna ya kuandika CV. Leo mimi nataka kuzungumza juu ya manete za kuchezea. Najua kuna mtu atacheka: "Agronome mzima, licence mkononi, anatuletea michezo!" Acheke, lakini asome mpaka mwisho. Miezi hii vijana wa avenue yetu wananiita fundi wa manete, na maswali wanayoniuliza ni yale yale. Nimeona heri niyajibu mara moja kwa maandishi, kusudi hata mwanafunzi wa Butembo au wa Oicha aliye na kompyuta ya zamani ajisaidie bila kulipa mtu.

Niseme kwanza nilivyoingia katika mambo haya. Mdogo wangu ana miaka 17. Msimu wa kakao uliopita, alipokuwa anapasua maganda, panga liliteleza likamkata dole gumba la mkono wa kuume. Walishona, kidonda kikapona, lakini dole halijikunji tena. Sisi watu wa kilimo tunafundisha kila siku kwamba ganda la kakao lipasuliwe kwa gongo la mti, si kwa panga, juu panga linajeruhi mbegu na mkono. Nilikuwa nimeyaandika hayo katika memware yangu, na nyumbani kwetu sikuwa nimeyasema hata mara moja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mbele ya ajali, kila jioni kijana huyu alikuwa kwenye sale ya michezo, anacheza mpira na wenzake. Baadaye akaacha kwenda. Nikamuuliza, akanijibu: "Yaya, wacha tu. Manete inataka dole gumba, na mimi sina tena." Alisema kweli. Kwenye manete ya kawaida, dole gumba la kuume ndilo linafanya kazi ya butoni nne zote za mbele. Basi nikaanza kutafuta.

1. Emulateri ni nini

Emulateri ni programu inayofanya kompyuta yako ijifanye mashini ingine. PPSSPP inajifanya PSP, PCSX2 inajifanya PlayStation 2, na RetroArch inabeba ndani yake emulateri nyingi za mashini za zamani. Kuna pia MAME, iliyoanza 1997 kwa ajili ya mashini zile kubwa za kusimama ambazo watu wa Japani, Ulaya na Marekani walikuwa wanachezea kwa kutia sarafu. Zote hizi unazipata bure.

Hapa kwetu zinafaa juu hazidai kompyuta ya nguvu. Mchezo wa PlayStation ya kwanza unatembea vizuri kwenye mashini ya miaka 12 isiyo na karte ya picha, na mashini ya namna hiyo haili kuranti nyingi. PCSX2 inataka mashini yenye nguvu kidogo.

Wengine wananiuliza kama ni halali. Emulateri yenyewe haina kosa: mwaka 2000, katika kesi ya Sony na Connectix, mahakama ya rufaa huko Marekani iliipa haki kampuni iliyotengeneza emulateri ya PlayStation. Kunakili mchezo wa mtu bila ruhusa ni jambo lingine, na hapo kila mmoja ajiulize mwenyewe. Kuna pia michezo ambayo wenye nayo wanaitoa bure, unaweza kuanza na hiyo.

2. Stiki iko ya namna mbili

Watu wengi wanaharibu kazi hapa, juu wanadhani stiki zote ni moja.

Stiki ya mashini za sarafu ni swichi tu. Chini ya fimbo kuna mikroswichi nne: juu, chini, kushoto, kuume. Ukisukuma, moja inafungana, inalia "tik". Ukienda pembeni, mbili zinafungana pamoja, na hivyo unapata pande 8. Swichi inajua mambo mawili tu: ndiyo au hapana.

Stiki ndogo ya manete ya kisasa ni ya kupima. Chini yake kuna potensiometa mbili, moja ya kulala na moja ya kusimama, na kila moja inaiambia kompyuta umesukuma kwa kiasi gani. Kwa manete za namna ya Xbox, kipimo kinatoka -32768 mpaka 32767, na katikati ni 0.

Sasa fikiria mizani ya mnunuzi wa kakao. Hujaweka mfuko, nayo tayari inaonyesha nusu kilo. Mizani hiyo imetoka kwenye zero. Potensiometa ikizeeka au ikiingia vumbi, inafanya vile vile: hujagusa kitu, nayo inasema umesukuma kidogo. Ndio maana mchezaji wako anatembea peke yake kwenda kwenye kona, na wawili wanaanza kugombana nani ameharibu manete.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kurudisha mizani kwenye zero, ndiyo kuitia kipimo upya. Ya pili ni kuiambia mashini isihesabu uzito mdogo: chini ya kiasi fulani, hesabu kama hakuna kitu. Eneo hilo tuliite eneo la kimya. Microsoft wenyewe, kwa stiki ya kushoto ya manete ya Xbox, wanapendekeza 7849, sawa na kama asilimia 24 ya njia yote. Kwenye RetroArch eneo hilo linaandikwa kutoka 0 mpaka 1. Anza na 0.15. Kama mchezaji angali anatembea, panda mpaka 0.20, kisha 0.25. Usipande bure: eneo likiwa kubwa, utasukuma stiki na mchezaji atachelewa kusikia. Na kama 0.35 haitoshi, acha kupoteza wakati kwenye parametre, stiki hiyo ibadilishwe.

3. Pima mbele ya kupanga

Daktari mzuri hapimi kwa macho tu. Manete ikiletwa, mimi sifungui mchezo kwanza. Kwenye Windows bonyeza pamoja klavie ya Windows na R, andika joy.cpl, kisha Enter. Itakuja orodha ya manete zilizochomekwa. Ingia kwenye sifa zake, utaona alama ya msalaba inayofuata stiki, na taa za butoni zenye namba 1, 2, 3 na kuendelea. Bonyeza kila butoni mara kumi. Taa isipowaka mara moja kati ya kumi, shida iko ndani ya manete, haiko kwenye emulateri. Hapo hapo ndipo unarudisha mizani kwenye zero. Kwenye Linux kuna programu ya jstest inayofanya kazi hiyo hiyo.

Mara nyingi ugonjwa ni jasho na vumbi chini ya mpira wa butoni. Chomoa manete, ifungue, pangusa mpira na karte kwa kitambaa chenye alkoli kidogo, acha ikauke. Na nje vile vile, kila jioni. Sisi wa Beni tulioishi miaka ya Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, hatuhitaji mtu kutuambia manete moja inapita mikono mingapi kwa siku.

4. Manete zinasema lugha mbili

Kwenye Windows kuna lugha ya zamani, DirectInput, na ile iliyokuja na manete ya Xbox 360 mwaka 2005, XInput. Manete ya XInput inajulikana mara moja, kila butoni ina jina lake. Manete nyingi za bei ndogo zinazouzwa sokoni kwetu zinasema DirectInput: zinatoa namba tu, na namba hazifanani. Butoni 1 ya manete moja inaweza kuwa butoni 3 ya ingine. Ndiyo sababu ukinunua mbili za rangi tofauti, mpango wa ile ya kwanza haufai kwa ya pili.

Kuna pia mtego wa majina. Kwenye Xbox, A iko chini na B iko kuume. Kwenye Nintendo ni kinyume: B chini, A kuume. RetroArch inafuata mpango wa Nintendo. Kwa hiyo ikikuomba "bonyeza B", usitafute herufi iliyoandikwa kwenye manete yako, tafuta mahali: butoni ya chini. Ukifuata mahali na kusahau herufi, hutapotea.

Namna ya kupanga kwenye RetroArch ni hii. Ingia kwenye parametre, sehemu ya manete na klavie, kisha mlango wa mchezaji wa 1. Chagua kupanga butoni zote. Itakuuliza moja moja, nawe unabonyeza. Ukimaliza, hifadhi kama mpango wa manete hiyo, na siku utakapoichomeka tena itaitambua yenyewe. Kama mchezo mmoja tu unataka mpango tofauti, usivunje mpango mkubwa: fungua menyu wakati mchezo unaenda, badilisha pale, uhifadhi kwa mchezo huo peke yake.

Kwenye MAME ni rahisi zaidi. Mchezo ukiwa wazi, bonyeza Tab, chagua mipango ya butoni, fanya kazi yako. Usisahau kwamba MAME inangoja sarafu: namba 5 ya klavie ndiyo kutia sarafu, namba 1 ndiyo kuanza. Nimeona mtu ameangalia picha dakika 20 anadhani mashini imekufa, kumbe alikuwa hajatia sarafu.

5. Mitego mitatu ya sale zetu

Wa kwanza ni taa. Manete nyingi za bei ndogo zina butoni ya katikati iliyoandikwa "Analog", yenye taa nyekundu. Taa ikizimika, ule msalaba wa mishale unajifanya stiki. Taa ikiwaka, msalaba unajitegemea. Ukipanga manete na taa inawaka, kesho ukaichomeka na taa imezimika, utasema mpango umepotea. Haujapotea. Bonyeza taa.

Wa pili ni nani mchezaji wa 1. Ukichomeka manete mbili za namna moja, kompyuta inazipa namba kwa utaratibu wake. Kuranti ikikatika na kurudi, utaratibu unaweza kugeuka, na aliyelipa kuchezea timu ya kushoto anajikuta ni wa kuume. Hapo usichomoe-chomoe. Kwenye RetroArch, katika mlango wa kila mchezaji, unaweza kuchagua ni manete gani iongoze mlango huo. Mimi nimeweka alama ya rangi ya kucha kwenye manete na kwenye tundu la USB: nyekundu kwa nyekundu. Tangu hapo kelele imepungua.

Wa tatu ndio mbaya zaidi kwetu. RetroArch na MAME zinaandika mipango yako wakati wa kufunga programu. Kuranti ikikatika mbele ya kufunga, kazi ya saa nzima inaweza kwenda. Kwa hiyo ukimaliza kupanga, usikimbilie kucheza. Kwenye RetroArch hifadhi kwa mkono, kwenye MAME toka kabisa kisha urudi. Halafu nakili faili za mipango kwenye kle ya USB, uiweke mfukoni.

Kuna wanaosema: tutumie klavie tu, wawili kwa klavie moja. Kwa mtu mmoja inawezekana. Kwa wawili haiwezekani vizuri, juu klavie za kawaida zimefungwa kwa mistari, na ukibonyeza tatu au nne pamoja, kuna zingine hazisikiki. Utapiga shuti na mpira hautatoka, ukadhani umerogwa.

6. Kisanduku cha mbao

Sasa nirudi kwa mdogo wangu.

Kwanza nilijaribu kuhamisha butoni kwenye manete ya kawaida: zile nne za mbele nikazipeleka kwenye L1, L2, R1 na R2, azibonyeze kwa vidole vya juu. Kwa mchezo wa polepole ilifaa. Kwa mpira haikufaa, juu R1 ndiyo ya kukimbia, na mtu hawezi kukimbia na kupiga kwa kidole kimoja.

Usiku mmoja nilikuwa natazama picha za zile mashini za sarafu. Nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita mara nyingi: pale, dole gumba la kuume halina kazi. Mkono wa kushoto unashika fimbo, mkono wa kuume unalala juu ya butoni, na vidole vinne vinabonyeza kama mtu anayepiga ngoma ndogo. Street Fighter II ya 1991 ina butoni 6 kwa mistari miwili, ngumi tatu na mateke matatu, na zote zinachezwa bila dole gumba.

Kununua stiki ya namna hiyo hapa ni ndoto. Basi tukaitengeneza. Nitaeleza, anayetaka ajaribu.

Tulichukua manete ya USB ambayo stiki zake zimekufa lakini karte yake ni nzima. Kwenye karte, kila butoni ni vipande viwili vya njia vinavyokaribiana. Mpira wenye kaboni ukishuka, unaviunganisha. Kipande kimoja mara nyingi ni cha masi, kinashirikiwa na butoni zote. Hakikisha kwa multimeta kwenye alama ya kulia, juu si karte zote ziko hivyo. Kisha unasude waya mmoja kwenye kipande cha pili cha kila butoni: waya 4 za mishale, 6 za butoni za mchezo, Start na Select. Jumla 12, na mmoja wa masi.

Swichi tulizitoa kwenye suri za kompyuta zilizokufa. Suri ina mikroswichi mbili nzuri, ya kushoto na ya kuume. Suri 6 zinatoa 12. Kila moja ina miguu mitatu, na multimeta ndiyo itakuonyesha miguu miwili inayofungana wakati wa kubonyeza. Fimbo ni kipande cha mti mgumu kilichoshikwa na mpira wa shambereri ya pikipiki, kusudi kikisukumwa kirudi katikati, na swichi nne zimekizunguka. Sanduku ni mbao za mabaki kutoka kwa seremala jirani. Butoni ni vifuniko vya chupa za plastike. Mkono wa kusude ulikuwa wa fundi wa telefone wa hapa karibu, mimi nilishika taa.

Kwa kuwa fimbo yetu ni ya swichi, hakuna mizani, hakuna eneo la kimya. Nilipofungua joy.cpl, kila kitu kilikuwa ndiyo au hapana. Kazi iliyobaki ilikuwa kuamua butoni gani ikae chini ya kidole gani, na hapo ndipo nilijifunza zaidi.

Mara ya kwanza niliipanga kama picha za intaneti zinavyoonyesha. Akacheza dakika tano, akasukuma sanduku. Nikamuuliza shida ni nini. "Kukimbia kuko mbali." Tukaanza upya, safari hii nikamwacha yeye aseme. Kukimbia tukakuweka chini ya kidole kidogo, juu kinakaa kimebonyeza muda mrefu bila kuzuia vingine. Pasi fupi chini ya kidole cha shahada, shuti chini ya kidole cha kati, krosi chini ya kidole cha pete. Pasi ya kupenya na kubadilisha mchezaji zikaenda mstari wa juu. Tulibadilisha mara nne mpaka mikono yake ikakubali. Mpango huo nimeuhifadhi kwa jina lake, kwenye kle mbili.

Kwa wale wanaofanya kazi na watu, shambani au popote, naacha somo moja. Mimi nilikuwa na mchoro, yeye alikuwa na mkono. Nilipofuata mchoro nilikosea. Mara ngapi tunafika kwa mkulima na mpango umekwisha pangwa, na hatumuulizi mahali gani panamuuma?

Mama yetu alikuwa ananung'unika kwamba tunakula kuranti juu ya upuuzi. Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alibeba sanduku lake chini ya kwapa, akaenda kwenye sale. Alirudi mbele ya giza, kama tunavyorudi wote siku hizi. Alikuwa amefungwa michezo mitatu, ameshinda mmoja. Alikula chakula chote, kisha akaniambia: "Yaya, krosi inachelewa. Kesho tuirekebishe." Mama akamwangalia, akaniangalia mimi, na neno la kuranti halikutoka tena.

Hayo ndiyo ninayoyajua mpaka leo. Mwenye swali aniulize. Na kama una suri za kompyuta zilizokufa nyumbani, usizitupe. Kuna kijana mwingine wa avenue ya pili amekuja kuniona, naye mkono wa kushoto ndio una shida. Safari hii fimbo itakaa kuume, na ninahitaji swichi 12.